Bwana Wastani Hajafika Kwetu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Takwimu, karibu sana. Viti ni vya kuazima, furaha ni yetu wenyewe.

HISTORIA FUPI

Miaka sita iliyopita ofisi yako ilizigawa manispaa katika kanda za takwimu. Sisi wadogo tukawekwa kanda moja na jiji la ng'ambo ya mlima. Tulishangilia, tukidhani tumepanda cheo. Kumbe tumemezwa.

Mkunga wetu, mhudumu pekee wa zahanati, aliomba daktari. Jibu likaja: "Kwa wastani, kanda yenu ina madaktari wa kutosha." Mwenyekiti wetu, fundi seremala huyo anayejifanya hasikii hapo kushoto kwako, alipanda basi hadi jijini.

"Mwanangu, namtafuta Bwana Wastani," alimwambia karani wa mapokezi. "Nasikia ndiye anayekaa na madaktari wetu."

"Mzee, huyo si mtu. Ni hesabu."

"Basi hesabu hiyo ije izalishe!"

MAFANIKIO

Tumejenga chumba cha daktari kwa mikono yetu. Kina meza, kitanda na kitasa kipya. Mkunga hukifagia kila Jumatatu.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita binti wa mkunga alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya. Mama mtu alimshika mkono juu ya lori la kubebea mbao, saa tatu nzima hadi jijini. Binti alipona. Mtoto hakupona. Siku ya nne mkunga alirudi kazini. Tulipomsihi apumzike, alisema, "Nikipumzika mimi, nani atabaki?" Tuliona aibu.

Kwenye takwimu zako, mgeni rasmi, binti huyo alikuwa na daktari.

OMBI

Ni moja tu. Mwisho wa mwezi mnachora kanda upya. Tutoeni kwenye kanda ya jiji, mtuweke na manispaa tatu za mlimani, zisizo na daktari kama sisi. Hapo sifuri yetu itaonekana. Hatuombi huruma, tunataka kuhesabiwa tulivyo. Mkikataa tutaandika tena, na tena. Karatasi tunazo.

Kiti kitupu mbele yako ni cha mkunga. Yuko zahanati na mama aliyeanza uchungu alfajiri.

Pokea ufunguo huu wa chumba cha daktari. Uweke mezani siku ya kuchora, na Mungu auongoze mkono wako.

Ni sisi,
Wakazi wa Kanda ya Jiji, kwa sasa.