Bi Mize na Mfuko wa Udongo wa Kiegeani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake Bi Mize. Bi Mize binti Shaabani, wa Kiegeani, kisiwani Mafia. Alifariki Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake. Umri wake hakuna anayeujua sawasawa, ila vita vya kwanza vya Wazungu vilimkuta tayari ni mke wa mtu.

Matanga yalipokwisha nilikwenda Kiegeani. Binti yake mkubwa, Bi Mwanahalima, ambaye naye sasa ni bibi wa watu, alinitandikia mkeka ukumbini. Nikatoa kinasa sauti changu. Akakitazama kwa muda.

"Na hiki kinachukua nini?"

"Sauti tu, bibi."

"Sauti tu," akasema. "Na wao walisema udongo tu."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo nilipoanza kuisikia habari ya mfuko wa udongo.

Ilikuwa zamani za Wajerumani, miaka michache kabla ya vita. Boma la serikali lilikuwa kisiwa cha jirani, Chole, wakati huo. Mize alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Mumewe aliitwa Abeid. Baba yake, Mzee Shaabani, alikuwa na shamba upande mkavu, kwenye mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha pale, maji yanazama, na kesho yake vumbi linapepea. Mtama wa Mzee Shaabani ulidumaa, ukafika gotini ukasimama. Majani yake yalikuwa na rangi ya zambarau, kama yamepigwa. Shamba baya. Lakini lilikuwa lake, na kabla yake lilikuwa la baba yake.

Siku moja akaja Mjerumani mmoja mwembamba, mwenye sanduku la chupa. Watu walimwita Bwana Udongo, kwa sababu hakutaka kitu kingine. Hakutaka nazi, hakutaka kodi. Alitaka udongo. Kutoka kila shamba, mfuko mmoja mdogo wa kitambaa cha marekani.

Sasa jiulizeni wenyewe. Mtu anavuka bahari yote ile, anakuja kwako, anataka udongo wa shamba lako. Atakwenda kuufanyia nini? Wengine walisema anatafuta dhahabu. Wengine walisema udongo wa mtu ukitoka nje, na bahati yake inatoka. Waliokuwa karibu zaidi walimwona akimimina maji makali, machachu kama ndimu, juu ya udongo ndani ya kikombe cha kioo. Udongo ukatoa povu. Ukachemka bila moto. Habari hiyo ilifika kijiji cha Utende kabla ya yule bwana kunawa mikono.

Leo tunajua alichokuwa akitafuta. Mmea unahitaji chakula kinachoitwa fosfati. Kimo kwenye mifupa, kimo kwenye samaki. Katika ardhi ya matumbawe chakula hicho kinaweza kuwamo, lakini chokaa inakishika, mizizi isikipate. Kwa hiyo yule bwana hakuuliza tu kama kimo. Aliuliza kama mmea unaweza kukifikia. Aliulaza udongo katika yale maji makali, akayachuja, kisha akatia dawa. Yakigeuka manjano, chakula kipo. Yakibaki meupe, mmea una njaa.

Lakini hayo hakuna aliyewaeleza watu wa Kiegeani. Walisikia neno moja tu, kwamba boma lina sheria: ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Na nani anaamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Watu wakafikiri wenyewe. Ukionekana udongo mbaya, watasema hapa hakuna anayelima, watachukua.

Na mtu wa kuchimba udongo huo, kutoka shamba hadi shamba, alikuwa nani? Alikuwa Abeid, mume wa Mize.

Akipita, watu walimgeuzia mgongo. Kisimani wanawake walimsogelea Mize. "Mumeo anatuuza?"  Usiombe yakukute. Mize akamuuliza Abeid mwenyewe.

"Wanaupeleka wapi, bwana?"

"Kwenye chupa."

"Halafu?"

"Halafu sijui, Mize. Naambiwa chimba, nachimba."

"Na shamba la baba?"

"Na shamba la baba pia. Kesho."

Bi Mwanahalima anasema: "Mama aliniambia hivi: baba yako angesema neno moja la uwongo, ningemwamini. Lile 'sijui' ndilo lililonitia hofu."

Kesho yake Abeid akachimba katika shamba la mkwewe, mashimo ya shibiri moja moja, sehemu mbalimbali, akachanganya, akajaza mfuko, akaufunga. Akaja nao nyumbani, akautundika ukutani, akaenda msikitini kuswali adhuhuri.

Mize akautungua mfuko. Akaukung'uta uani. Kisha akashuka pwani, mahali wanawake wanapoparia samaki na kutupa matumbo na mifupa. Pale mchicha ulijiotea wenyewe, mweusi kwa afya. Akachota udongo wa pale, akajaza mfuko, akafunga fundo lile lile. Alifikiri: udongo ukiwa mzuri, watasema shamba lina mwenyewe, wataliacha.

Abeid akarudi, akatungua mfuko, akaupeleka. Hakujua kitu. Naomba mlishike hilo, wasikilizaji. Abeid hakujua kitu.

Mwezi uliofuata Bwana Udongo akarudi Kiegeani. Safari hii hakuja peke yake. Alikuja na akida, aliyetawala pale kwa niaba ya boma, na Bwana Tahir bin Azizi, mwenye minazi mingi, wa ukoo wenye asili ya Kiarabu. Mtumishi wa Bwana Tahir alibeba kamba ndefu ya kupimia.

"Shikamoo, bwana," Mzee Shaabani akasema, maana Tahir alimpita umri.

"Marahaba. Hongera, Shaabani. Udongo mzuri kama wako haujaonekana kisiwani kote."

Mzee Shaabani akautazama mtama wake. "Udongo huu?"

"Huu huu. Bwana anasema hapa panafaa shamba la majaribio. Minazi ya kampuni."

"Na mimi?"

Bwana Tahir akasema yeye ameitwa kuonyesha mpaka tu. Hayo mengine hayajui. Na kamba ikaanza kuvutwa.

Mize alisimama kwenye kichaka cha mkoche, akasikia yote. Aliogopa udongo mbaya, akatafuta mzuri. Na sasa uzuri ndio uliowaleta. Akisema kweli, shamba la baba litapona, lakini mumewe ndiye atakayeshikwa kwa kupeleka mfuko wa uwongo serikalini. Akinyamaza, mumewe salama, na baba yake atakwenda wapi?

Akatoka. Akasimama mbele ya wanaume wale wote, akajitanda kanga yake vizuri.

"Udongo ule si wa hapa. Niliubadilisha mimi. Nimeutoa pwani, kwenye mifupa ya samaki."

Abeid alikuwa ameshika jembe. Akaliweka chini polepole.

Akida akamfasiria Bwana Udongo. Yule bwana hakukasirika. Alisema: tuupime tena, mbele ya wote. Akachimba mwenyewe shambani. Akachota mwenyewe pwani. Akautia udongo katika chupa mbili, akamimina maji makali, akasema lazima ulale humo wiki nzima.

Wiki hiyo, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyemwamini mwenzake. Chupa ziliwekwa kwenye baraza ya akida. Bwana Tahir akamweka mtu wake azilinde. Mzee Shaabani akahofia mtu wa Tahir, akaketi na yeye. Akida akawahofia wote wawili, akaketi na yeye. Chakula kililetwa pale pale. Mmoja akienda kutawadha, wawili waliobaki walitazamana mikono. Na nyumbani kwa Abeid ikawa hivyo hivyo. Mize alimpikia, akafunika kwa kawa. Abeid alifunua kawa, akautazama wali, akaugeuza kwa kidole, ndipo akala.

Siku ikafika. Kijiji kizima kilikusanyika. Mize alisimama na wanawake. Baadaye alimwambia binti yake: "Nilikuwa naomba Mungu, na nilikuwa sijui niombe nini. Maji ya udongo wa shamba yakibaki meupe, baba ana shamba, mume anapigwa. Yakigeuka manjano, mume salama, baba hana kitu, na mimi ni mwongo mbele ya watu."

Bwana Udongo akachuja maji, akatia dawa, akayapasha moto kidogo. Kikombe cha udongo wa pwani kikageuka manjano kama kiini cha yai. Watu wakaguna. Kikombe cha udongo wa shamba, wakangoja. Wakangoja tena. Kikabaki cheupe.

Mzee Shaabani akasema, "Alhamdulillahi," akaketi chini kwenye vumbi.

Bwana Tahir akaagiza kamba ikunjwe. Akaondoka.

Kisha akida akamwita Abeid. Mize akapaza sauti: "Ni mimi! Yeye hakujua!" Akida akajibu: "Mfuko ulitoka mkononi mwa nani?" Bwana Udongo alisema kitu kwa Kijerumani. Akida akajibu kwa Kijerumani. Yule bwana akageuka, akaanza kuosha vikombe vyake.

Abeid alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, pale pale barazani.  Wale waliomwita muuzaji wa ardhi walikuwa mbele, wakitazama.

Mize alimkanda kwa maji ya chumvi. Alimkanda siku nyingi, naye amegeuza uso ukutani. Mzee Shaabani akaja kumshukuru Abeid.

"Mwanangu, umeniokolea shamba."

"Mimi sikukuokolea kitu, baba," Abeid akasema. "Mimi nimepigwa tu."

Iliendelea hivyo mpaka masika. Wali unatazamwa, kisha unaliwa. Halafu asubuhi moja Mize akamwona mumewe anapanda kutoka pwani na pakacha begani, linanuka, nzi wamelizunguka. Vichwa vya samaki. Mifupa. Akampita, akaelekea shambani kwa mkwewe.

"Unakwenda wapi na hayo?"

"Kwa baba yako."

"Umenisamehe?"

"Hilo sijasema. Ninachosema ni kwamba nilikiona kile kikombe cha manjano kwa macho yangu."

Mize akachukua pakacha la pili, akamfuata. Wakachimba pamoja, wakafukia pamoja. Na Bi Mwanahalima anasema jioni ile baba yake alikula wali bila kuutazama.

Vita vikaja, Waingereza wakakichukua kisiwa. Bwana Udongo hakuonekana tena. Bwana Tahir akafa, na hakuna aliyepata kumuuliza ile kamba ilikuwa ya nini hasa. Abeid na Mize waliishi pamoja mpaka Abeid alipotangulia, na walizaa watoto saba.

Nilimuuliza Bi Mwanahalima: marehemu alifanya haki?  Akanipa maneno ambayo mama yake alimwambia akiwa kitandani, siku chache kabla hajafa:

"Mpaka leo sijui, mwanangu. Labda shamba lilikuwa linachukuliwa kweli, nikaliokoa. Labda yule Mzungu alikuwa anatafuta tu dawa ya mtama wetu, nikampigisha mume wangu bure. Aliyekuwa anajua hakutuambia, na sisi hatukumuuliza. Tulimwangalia tu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Mwanahalima na ndugu zake, kwa wajukuu na vitukuu, kwa watu wote wa Kiegeani, tunatoa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mize binti Shaabani, na amrehemu Abeid aliyebeba mfuko asiojua kilichomo.

Na sisi tuliobaki tufikirie. Mimi sina jibu la swali lake, na sitajifanya ninalo. Ila nina ombi. Kama wewe ndiye unayekwenda kwa watu kuchukua chao, hata kama ni udongo tu, waambie unakwenda kuufanyia nini. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba yako unayemtazama kwa jicho la pembeni, usingoje hadi aitwe barazani. Msogezee mkeka. Muulize leo.