Gari Namba 27 Lilimaliza
Wasifu wa Marehemu Genoveva Albano Nnunduma (1951–2025)

Dada yangu Genoveva alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Ndanda, Masasi, mtoto wa kwanza wa Mzee Albano na Mama Tabu. Mie Sebastian, mjomba wenu, nilifuata miaka mitatu baadaye nikiwa mzuri zaidi wa sura. Hilo marehemu hakuwahi kulikubali, na leo hawezi kunikatiza.

Alisoma hukohuko Ndanda hadi darasa la nane, mwaka 1966. Mie niliishia la tano, kwa hiyo makosa yote yaliyomo humu ni yangu.

Mwaka 1969 alikuja Dar es Salaam akajifunza umakanika katika gereji moja ya Chang'ombe. Wateja walikuwa wakiuliza, "Sista, fundi yuko wapi?" Naye kutoka chini ya gari anajibu, "Yupo. Sogeza mguu, unamkanyaga." Kuanzia 1988 hadi 2019 alikuwa na gereji yake mwenyewe, Tandika.

Sasa nafika penye ugomvi. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Ndugu Isack, aliniomba niandike kwamba marehemu "alishiriki" mbio za magari za Pugu za mwaka 1976, kwa sababu matokeo yalibandikwa hivi: Gari namba 27, halikumaliza. Braza Isack, nakuheshimu sana, lakini siandiki. Na karatasi za wasifu huu zimeshachapwa.

Jumamosi tarehe 18 Septemba 1976, dada aliendesha Pijo 404 aliyoiunda upya kwa mikono yake, kutoka Gongo la Mboto hadi Maneromango na kurudi. Mie nilikaa kushoto kwake, kazi yangu kumsomea njia. Tulipofika njia panda, karatasi ya njia nilikuwa nimeikalia, nikajidai sina haja nayo. Nikasema, "Kata kushoto." Tukaishia kwenye mihogo ya watu.

Dakika arobaini tulizopoteza humo alizifidia kwa mwendo ambao mpaka leo nikiufikiria natafuta pa kushika. Tulirudi Gongo la Mboto saa kumi na mbili kasoro dakika nane jioni. Kituo cha kumalizia kilitakiwa kufungwa saa kumi na mbili kamili. Meza walishaikunja. Msimamizi akasema, "Mama, magari yameisha."

"Na hili ninaloendesha ni jiko?"

Hakugonga muhuri kwenye kadi yetu ya muda.

Mtaani wakasema mwanamke kazidiwa na usukani. Kwa miaka arobaini na tisa dada alisema "tulipotea". Hata siku moja hakusema "Seba alinipoteza". Nami, mwenye mdomo kuliko wote Temeke, hapo tu nilikaa kimya.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Ansbert Deogratias, karani wa bandarini. Alipokuja kuposa, dada alimpakia kwenye Pijo hadi Kisarawe. Shemeji akatapika, akanawa uso, akarudi kukaa mbele. Dada akasema, "Huyu ataniweza." Waliishi pamoja hadi shemeji alipofariki mwaka 2011.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Daktari akamkataza kuendesha, naye akatii kwa namna yake: kila Jumapili alikaa kwenye usukani wa Pijo, akaiwasha, akaisikiliza, akaizima. Siku mbili kabla hajafariki aliniomba nimletee ile kadi ya muda ya mwaka 1976, kisanduku cha mwisho, cha kufika, bado kitupu.

"Seba, nikishaondoka wataandika sikumaliza."

"Anayeandika ni mie, dada."

Alifariki Jumapili tarehe 21 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, hospitalini Temeke.

Ameacha watoto watatu, Hope, Brightson na Anna, wajukuu saba, mdogo wake mmoja mwenye kosa, na Pijo inayowaka mara moja tu ukigusa ufunguo. Na hili naliongeza kwa mdomo, halimo kwenye karatasi: leo Hope ameiendesha mbele ya jeneza, tukasimama Gongo la Mboto palepale ilipokuwa ile meza. Kwenye kisanduku kitupu nimeandika kwa peni: Amefika, saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Kupotea njia, kosa la Sebastian. Kadi marehemu ameishika mkononi, ndani ya jeneza.

Pumzika kwa amani, dada. Ulifika, na muda ulikuwa bado.