Taa Nyekundu za Kanyere kwenye Shimo la Mazuku

Mgeni rasmi, Mama Joviale Bulonza, mkuu wa maonyesho ya sanaa. Wazazi na majirani wa Katoyi:

Karibu kwetu. Tunashukuru umefika mwenyewe, maana barua yako ya wiki jana imetukosesha raha, na jibu lake tumeona tukupe uso kwa uso. Tunakuomba ubaki hapa juu, nje ya shimo, wakati tunasoma.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu tisa, mafundi na wachoraji, tunaotengeneza sanaa kwa vyombo vya umeme vilivyotupwa. Shimo hili la mawe ya volkano lina mazuku, ile gesi isiyoonekana inayotoka ardhini na kulala chini kama maji, hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Mbuzi wengi wamefia humo. Mwenzetu Kanyere, fundi wa redio, alichoka kuonya watu kwa mdomo. Akasema, "Tufanye ionekane."

Akaweka vipimo vya gesi shimoni na taa sitini juu ya mianzi. Hewa ikiwa safi, taa zilikuwa za bluu. Mazuku ikipanda, ziliwaka nyekundu, zikififia na kukolea polepole kama kifua cha mtu aliyelala.

MAFANIKIO

Watazamaji walitoka Kibumba, hata Kiwanja. Nawe ulikuja, ukaandika kwamba hujawahi kuona kazi nzuri kama hii, ukatuchagua kwa maonyesho yako. Kanyere alilia kwa furaha.

YALIYOTUPATA

Jumamosi moja asubuhi, maharusi walishuka shimoni kupiga picha kabla ya misa. Taa zilikuwa nyekundu. Kanyere, aliyekuwa akikaza nyaya ng'ambo ya shimo, akapiga kelele, "Mutoke humo! Kuko mazuku!"

Bibi harusi akacheka. "Tunatoka sasa hivi, dada. Rangi iko muzuri sana!"

Mpiga picha wao, Barthélemy, alikuwa ameteremka chini zaidi yao na kupiga goti ili apate taa zote juu ya shela. Hakuinuka. Wao walidhani bado anatafuta picha. Kanyere alijua. Alivuta pumzi, akaibana, akashuka. Akamshika mkanda, bwana harusi akamshika mikono, wakamkokota hadi juu.

Barthélemy alizinduka hospitalini. Kanyere alipomtembelea, alimwonyesha kamera. "Angalia, dada. Sijapata picha kama hii."

Kanyere akaangalia. Ilikuwa nzuri kweli. Ndipo alipoelewa kwamba watu wale hawakuingia kwa kutoziona taa. Waliingia kwa kuziona.

Akarudi, akang'oa nyekundu yote. Sasa mazuku ikipanda, taa zinazimika, na honi kumi na mbili za pikipiki zinalia kwa pamoja, sauti mbaya ya kukera masikio. Hakuna anayekuja kupiga picha. Hakuna aliyeanguka tena.

Mgeni rasmi, barua yako inataka nyekundu irudi kwa ajili ya leo, la sivyo tutolewe. Hatutaficha: tuligombana. Wengine wetu tulimsihi Kanyere airudishe kwa siku moja tu.

"Siku moja ndiyo ilitosha kwa Barthélemy," alijibu. Hakupandisha sauti.

MAOMBI

Tunaomba kazi hii ipokelewe ilivyo, pamoja na honi zake. Tunaomba pia vipimo kwa mashimo mengine mawili, ambako mama zetu bado wanavunja mawe asubuhi.

Na ukiona haistahili tena kuitwa sanaa, utufute kwenye orodha, lakini nyaya zisiguswe.

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya Kanyere. Nafasi hii ya maonyesho anaitamani kuliko sisi sote. Jana tulitaka kuiondoa sentensi, akakataa. Alipomaliza kuiandika akatoka nje, akakaa peke yake juu ya mawe. Leo tumeisoma kama sentensi yetu sote.

Mungu akuongoze katika uamuzi wako, akurudishe nyumbani salama, na awape pumzi wote wanaopita njia hii.

Ni sisi,
Kikundi cha Sanaa ya Umeme Mianzi na Nyaya,
Katoyi, Goma.
Imesomwa na Charline.