Mifuko Kumi na Tisa ya Mwalimu Marlys

Kwa niaba ya watoto wetu wawili, Karin na Peter, nawasomea maisha ya mama yao, Marlys Ann Hokanson.

Alizaliwa Cloquet, Minnesota, tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa tatu wa Arvid na Lorraine Tveit, baba yake akiwa fundi mitambo wa kiwanda cha karatasi, akamaliza sekondari hapohapo mwaka 1980, akapata shahada ya ualimu wa watoto wadogo hapa Duluth mwaka 1984, na Septemba ya mwaka huo akapewa darasa la kwanza, chumba namba 4, ambacho hakukihama mpaka alipougua. Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1986, Karin akazaliwa mwaka 1989 na Peter mwaka 1992.

Marlys alifundisha hesabu za kutoa kwa vitu ambavyo wengine tungevitupa, vifuniko vya chupa, vifungo vya mashati, trei za mayai, kila mtoto akipanga vifuniko kumi, akiondoa vinne, na vile vinne vikipelekwa kwa jirani anayevihitaji, na mtoto akiuliza vimeenda wapi alijibiwa, "Viko kwa Owen, kamuulize anavifanyia nini." Nilizoea kumwambia kwamba nimeoa jalala, naye alinijibu, "Na wewe nilikuokota humohumo, usisahau."

Tarehe 11 Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, mwezi Novemba akaanza likizo ya ugonjwa, na tangu hapo alikuwa na ombi moja tu, kurudi chumba namba 4 kabla shule haijafungwa, akamalize somo la kutoa na watoto wale, na madaktari wakamruhusu kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Aprili 2023.

Nilimsindikiza. Rafu zilikuwa na zana mpya za plastiki, kila moja ndani ya nailoni yake, na vitu vyake vyote havikuwepo. Mtoto mmoja, Hattie, alimletea karatasi, akasema, "Mwalimu, vitu vyako tulivihesabu vikitupwa. Mifuko ilikuwa kumi na tisa, wakatoa mmoja, ikabaki kumi na nane, tukaenda hivyohivyo mpaka sifuri. Mimi sikukosa hata moja." Mwalimu aliyemshikia darasa, kijana mwenye nia njema, alikuwa amewapanga dirishani tarehe 16 Februari, wafanye hesabu huku wakitazama. Marlys aliisoma karatasi yote, akaweka alama ya vema mara kumi na tisa, akaniomba nimpeleke nyumbani, na hakurudi tena.

Mwalimu mkuu, Denise Kowalczyk, alikuja kwetu mara mbili na bakuli la tambi za kuku, na mara zote mbili Marlys alisema kutoka kitandani, kwa sauti ya kufika mlangoni, "Mwambie ale mwenyewe, akimaliza atupe na bakuli, si ndiyo kazi yake." Nilimrudisha. Marlys alifariki nyumbani, Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na mmoja, miezi miwili na siku kumi na mbili, na hakuwa amemsamehe Denise.

Wengi wenu pia hamjamsamehe, nimeona mlivyomwachia benchi zima leo, kwa hiyo historia hii haitakuwa kamili nisipoongeza tarehe moja. Jumatano, tarehe 15 Februari, Denise alinipigia simu, akasema, "Gordon, agizo limetoka, vyumba vyote vitolewe vitu vya zamani, lakini vya Marlys nimeviweka pembeni, njoo na gari Ijumaa." Marlys alikuwa amelala chumba cha pili. Nilijibu, "Tupa tu, Denise. Huyu harudi tena." Yeye hakumwambia mtu, hata aliposimama mlangoni kwangu na bakuli mkononi, akisikia anavyotukanwa, akinitazama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliotuondolea theluji majira yote ya baridi bila kuombwa, walimu wenzake, na Denise Kowalczyk, ambaye nilimwacha abebe kosa langu hadi asubuhi hii.

Pumzika, Marlys, umeondoka ukimchukia mtu asiyehusika.