Anselme Kashindi, Aliyetafsiri "Mwili Inaregea"

Wapendwa waombolezaji, kwa kuwa wanajeshi wa kizuizi cha barabarani wametupa ruhusa hadi saa tisa tu, familia imeniomba mimi, Patrick, mtoto wake wa mwisho, nisome bila kukawia.

Baba yetu, Anselme Kashindi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Uvira, akasoma shule ya misheni kuanzia 1946 hadi 1954, akavuka mpaka wa Gatumba kuingia Burundi mwaka 1957 akiwa na mashati mawili, na tarehe 2 Mei 1961 akaajiriwa katika zahanati moja ya Buyenzi, hapa Bujumbura, kuwatafsiria madaktari kwa Kifaransa maneno ya wagonjwa, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu. Neno lililomsumbua kuliko yote lilikuwa kuregea, yaani kuishiwa nguvu, maana mtu wa Buyenzi akisema "mwili inaregea" anaweza kuwa na homa, au njaa, au hofu, au huzuni asiyotaka kuitaja mbele ya watu, kwa hiyo baba hakulitafsiri upesi, aliuliza kwanza, "Ulikula lini, mama?", kisha, "Na usingizi unakuja?", na muuguzi mwenzake, Mama Khadidja, aliye hapa nasi, akawa anamtania, "Muzee, we unatafsiri ao unachumbia?"

Alifunga ndoa na mama yetu, Odette Nabintu, tarehe 18 Januari 1964, Mungu akawajalia watoto sita, tuliobaki ni wanne.

Ugonjwa ulianza Januari mwaka huu, siku zile risasi zilipokuwa zikisikika toka mtaa wa Kamenge, akasema, "Nimeregea kidogo tu", nasi watoto wake, tuliokulia ndani ya neno hilo, hatukumwuliza kitu, tuliogopa jibu lingetulazimisha kuvuka vizuizi kwenda hospitali, tukasema ni baridi, tukasema ni uzee, hadi tarehe 26 Februari alipoanguka uani, madaktari wakakuta ini limekwisha kuharibika, akafariki Jumamosi tarehe 9 Machi 1996, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliolala hospitalini barabara zilipofungwa, majirani waliombeba kwa miguu juu ya godoro, na wenzake wote wa zahanati.

Tuna ombi moja. Tangu Jumamosi mama hajagusa chakula, kila anayemjulia hali anajibiwa kwamba ameregea kidogo, na sisi tukimsogelea anatutuma tukawahudumie wageni, kwa hiyo, Mama Khadidja, tukitoka makaburini usiende kwako, pita kwetu kabla barabara hazijafungwa, ukae naye, umwulize polepole.

Lala salama, baba, mama tutamwuliza.