Kipaza, Aliyekwenda Kuulizia Wagombea

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na nyie mliosimama ukutani, familia inawashukuru kwa kufika, na imemtuma mjukuu asome kwa sababu eti ndiye mwenye mdomo, basi tusikilizane kidogo, habari za mzee wetu ni hizi.

Marehemu, ambaye sote tulimjua kwa jina la Kipaza, alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, chumba cha mwisho karibu na bomba, cheti kinasema ni tarehe mosi Januari 1951, lakini mama yake alikuwa akisema siku hiyo mvua ilinyesha mpaka vumbi lote la katani likalala, na Januari kwetu hainyeshi, kwa hiyo marehemu akaamua kumwamini mama. Akafuatiwa na mdogo wake, huyu tunayemwita Kokoto, wakalala kitanda kimoja mpaka miguu ikakosa pa kwenda, na sauti zao zilifanana mno, mama akiita hakujua aliyeitika ni yupi.

Alianza shule mwaka 1959, akaishia darasa la sita kiwanda kilipompunguza baba yao, akaenda kujifunza kwa fundi redio nyuma ya soko, na huko ndiko alikopewa ile spika yenye mdomo mpana kama ua, iliyotoka kwenye sinema iliyofungwa, akaifunga kwenye baiskeli pamoja na betri ya gari, na tarehe 2 Mei 1970 akaanza kazi ya kutangaza mitaani, maji yatakatika, chanjo imefika, mtoto kapotea, fulani katutoka. Alipita asubuhi mapema, taratibu, wengi wenu mkiwa bado usingizini, na tangazo likawaingia ndotoni, mtu anaota anavuka mto, akiamka anajikuta anajaza ndoo, wala hakumbuki nani kamwambia maji yanakatika.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na Bibi, fundi cherehani, ambaye alikuwa amepoteza funguo za banda lake, marehemu akazitangaza, zikapatikana siku hiyohiyo, na yeye akaendelea kuzitangaza wiki nzima mradi apite pale mlangoni, mpaka Bibi akatoka nje na funguo mkononi akamwambia we kaka, sasa tangaza na shida yako. Shangazi zake Bibi hawakuchekacheka, walikwenda kumuulizia kila alikowahi kupanga, mpaka wakamfikia mama mmoja mwenye nyumba aliyeachiwa dirisha lililovunjika, wakarudi wakasema binti hatoki hapa mpaka dirisha liwe na kioo, na kioo kikawekwa. Marehemu aliishika habari hiyo maisha yake yote, kwamba kama binti mmoja anauliziwa mchumba hivyo, mtaa mzima unaozwaje kwa fulana na kofia. Walijaliwa watoto wanne, mabinti watatu na mvulana mmoja, na wajukuu tulio wengi mpaka tukijipanga mstari hatuhesabiki.

Basi kila uchaguzi ukija na wagombea na bahasha zao, Kipaza hakumtangaza mtu kabla hajaenda alikotoka huyo mtu, akakaa kwa majirani, akaomba maji ya kunywa, akauliza tu, huyu mlipoishi naye alikuwaje, alipoondoka aliacha nini, na akirudi huwa anapigia nani hodi. Wengine walimwita mbea, naye alikuwa akijibu kwamba mposaji akija na zawadi nyingi kuliko maneno, hapo ndipo shangazi huvaa viatu.

Mwaka 2014 aligombea uongozi wa mtaa Kokoto mwenyewe, akiwa mkandarasi mkubwa, magari yakagawa unga na fulana, akaja kwa kaka yake akijua spika ni ya nyumbani. Marehemu akavaa viatu. Alikwenda mpaka kwenye zahanati ambayo Kokoto aliijenga mji wa jirani, mlinzi akamwonyesha wodi ya wazazi, mvua ikinyesha wanasogeza vitanda, na mjenzi aliahidi kurudi na hakurudi. Akamwambia mdogo wake, rudi ukatengeneze paa, nitakutangaza mpaka koo likauke, na Kokoto akasema kaka, kura ni wiki ijayo, paa litasubiri, marehemu akajibu basi na mimi nasubiri. Kokoto akakodi muziki wa kutikisa madirisha, akashinda, na tangu hapo ndugu hawa waliolala kitanda kimoja wakawa wanaonana misibani tu, salamu ya mbali, mkono juu. Bibi anasema miaka hiyo mzee alikuwa akiota mvua, akiamka anapapasa ukuta aone kama umelowa.

Alianza kuugua mapafu Februari mwaka huu wa 2019, pumzi ikapungua, sauti ikabaki ya kunong'ona, Kokoto akaja wodini na matunda, marehemu hakuyatazama, aliuliza kitu kimoja, paa je. Kokoto akaweka matunda mezani akaondoka. Mwezi Julai yule mlinzi wa zahanati alikuja kumtazama mgonjwa, akasema paa jipya limeezekwa, Kokoto mwenyewe alipanda ngazi na hakuja na mpiga picha, na marehemu akacheka mpaka nesi akaja kugomba, kisha akanong'ona, huyo sasa anaweza kunitangaza.

Alifariki tarehe 6 Septemba saa kumi jioni, na asubuhi iliyofuata mlisikia wenyewe, ile baiskeli, ile spika, ile sauti, wengine mlituambia mliota Kipaza anatangaza kifo chake mwenyewe, mkatoka nje na shuka mabegani, mkamkuta Kokoto anasukuma baiskeli huku analia, akitaja jina la kaka yake na saa ya maziko, na jina lake mwenyewe, ingawa anagombea tena na kura zimekaribia, hakulitaja mtaa hata mmoja.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya kifua, majirani mliolala nasi, watangazaji wenzake mliozima spika leo, na mlinzi wa zahanati. Wagombea mliofika, karibuni mlie nasi, ila kipaza sauti hakitawafikia, huo ndio wosia. Na kuhusu Kokoto, familia haisemi mchagueni, mzee angetufufukia, tunasema vaeni viatu mkamuulizie.

Pumzika, Babu, mtaa umeshaamka.