Majirani wa Nareyu

Benchi lililo mbele ya duka la Haruna, pale magari ya watalii yanapopandisha kwenda geti la hifadhi na kuwaachia wenyeji vumbi jekundu la kunywea kahawa, linaitwa Mahakamani. Usidhani kuna hakimu. Limeitwa hivyo kwa sababu kesi hufunguliwa hapo kila asubuhi na hakuna hata moja iliyowahi kutolewa hukumu. Wajumbe ni walewale. Kuna Haruna mwenyewe, muuza shuka na chaja za simu, aliyejipa jina la Ramani, eti hakuna uchochoro wa Karatu asioujua. Kuna Inosenti, dereva wa watalii, wanayemwita Lo Sizoni, maana mwaka mzima ukimjulia hali atakwambia wageni hakuna. Na kuna mzee Qamara, bwana shamba mstaafu, wanayemwita Profesa, nusu kwa heshima na nusu kwa kumkomesha. Kahawa anamimina Marijani, mtu wa pwani, naye humimina umeomba hukuomba.

Asubuhi hiyo Haruna alikuwa na mgeni, tena alikuwa amepania kumsaidia. Lembris, mteja wake wa siku nyingi kutoka kijiji cha Piyaya, alikuwa analinda kambi ya watalii huko juu hifadhini, na sasa alihitaji chumba mjini, leo hii hii. Mke wake, Nareyu, alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Mimba ya kwanza waliipoteza njiani, gari limezama kwenye tope na hospitali iko mbali, kwa hiyo safari hii nesi alikuwa mkali: mama akasubirie uchungu Karatu. Gari la kumleta lilikuwa linafika kesho, na keshokutwa Lembris anarudi lindoni. Haruna alikuwa amejipiga kifua mbele ya mke wake mwenyewe, Nafisa, na mbele ya Mungu kwamba kabla ya adhuhuri kijana atakuwa na ufunguo mkononi. Lakini Ramani gani huyo anayeweza kwenda kokote kabla ya kupita Mahakamani?

— Wajumbe, huyu ni mtu wangu, anatafuta chumba, — Haruna alisema, akawaeleza habari za Lembris na hali ya mke wake. — Tumpeleke mtaa gani?

Lo! Angewauliza njia ya kwenda peponi wangekubaliana mapema zaidi.

— Tloma, — alidakia Inosenti. — Arifu, kule kuna lodji za watalii. Penye lodji umeme haukatiki.

— Umeme wa lodji unamhusu nini mpangaji? — aliuliza Marijani.

— Anaona mwanga, chalii wangu. Mwanga haulipiwi.

Profesa Qamara akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue mvua ya maneno inakuja.

— Tloma tembo wanashuka kutoka msituni. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

— Tembo akishuka peke yake, Profesa, anapigana na nani? — aliuliza Inosenti.

— Na mahindi.

Profesa akainua tena kikombe chake kama mshindi.

— Samahani wazee wangu, — Lembris alisema kwa adabu, — mimi nina swali moja tu, mke wangu kanituma...

— Subiri, mwanangu, — Qamara alimkatiza. — Swali halitangulii utafiti. Nenda Bwawani. Upepo wa kreta ukishuka unafika kule umeshapoa. Mtoto anayezaliwa kwenye upepo uliopoa anakuwa mtulivu, baadaye anakuwa karani. Anayezaliwa Ayalabe, upepo unampiga usoni, anakua anapiga kelele. Hao ndio wanaogombea udiwani.

— Profesa, wewe si ulizaliwa Ayalabe?

— Na niligombea, — Qamara alijibu bila haya. — Kura hazikutosha.

Wakacheka mpaka Marijani akamwaga kahawa kidogo kwenye kanzu yake. Haruna naye alicheka, ila alimtupia Lembris jicho, akaona kijana hacheki. Anatazama jua.

— Nyie wa bara hamjui kuchagua mtaa, — alisema Marijani. — Mtaa unauchagua kwa kamba za nguo. Ukikuta nguo zimelala nje, hakuna wezi. Ukikuta zimeanikwa ndani, wezi wapo.

— Na usipoziona kabisa?

— Wameshachukua.

— Mimi nasema mageti! — Haruna hakutaka kupitwa kwenye benchi lake mwenyewe. — Mtaa wa maana unauona kwa mageti na kuta. Pale ninapokaa mimi, kila nyumba ina ukuta mrefu na vipande vya chupa juu. Hujui jirani kapika nini, naye hajui wewe umekula nini. Heshima tupu! Ukitaka cha uvunguni sharti uiname.

— Hapo uvungu unaingiaje, Ramani?

— Geti langu ni fupi. Ukiingia, unainama.

Lembris akajaribu tena.

— Wazee, kwetu nyumba anajenga mwanamke. Mahali anachagua yeye, kuta anakandika yeye, mimi naingia tu. Sijawahi kuchagua nyumba hata siku moja. Ndiyo maana Nareyu kaniambia, kabla ya kulipa popote niulize...

— Mwanamke achague? — Qamara aliruka kama kakanyaga siafu. — Mjini mwanamume ndiye anayechagua na mwanamke ndiye anayelalamika. Hiyo ndiyo sheria ya upangaji. Mchagua jembe si mkulima!

— Sasa hapo jembe nani?

— Tusitoke kwenye hoja!

Inosenti alikuwa amepata moto mpya.

— Nisikilizeni, narudi kwenye lodji. Kila gari la geimu draivu lina mzungu mmoja mstaafu. Kila wastaafu watatu, mmoja ni daktari. Sasa mama uchungu umemshika karibu na lodji, anapiga ukelele mmoja tu. Wanatoka madaktari wanne na suruali zao zenye mifuko kumi kumi. Kwenye hiyo mifuko kuna kila kitu!

— Kuna miwani na biskuti, — alisema Marijani.

— Basi azalie getini kabisa, — Profesa alipandisha dau. — Mtoto akizaliwa getini ni mali ya hifadhi. Hawezi kudaiwa kiingilio mpaka anazeeka.

— Kwa nini getini? Apange stendi! — Inosenti alipiga paja. — Stendi kuna magari, kuna chakula, kuna taa, kuna mpaka wahubiri. Uliona wapi mtu kafa stendi kwa kukosa msaada?

— Mimi nimeona, — alisema Marijani, lakini hakuna aliyemsikia, maana wote watatu walikuwa wanasema pamoja, na stendi ilikuwa imeshapata wafuasi wawili.

Marijani akainamisha birika. Likatoa tone moja, likakohoa, likanyamaza. Na benchi nalo likanyamaza, kwa kuwa mjumbe wa Mahakamani bila kahawa ni mtu wa kawaida tu. Lembris alipoona njia imefunguka, akasimama.

— Wazee wangu, niulize sasa. Mimi nitakuwa juu kambini. Nareyu atakuwa peke yake, Kiswahili chake ni kidogo, na uchungu haugongi hodi mchana. Kwetu mwanamke akilia mara moja, boma zima linaamka, hakuna wa kuitwa. Huko mnakonielekeza, Tloma, Bwawani, popote, akilia usiku nani atamfungulia mlango?

Inosenti akachungulia simu yake ambayo haikuwa imelia. Profesa akasema, “Inategemea,” na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakuendelea.

Haruna aliona macho yote yamemwelekea. Si ndiye Ramani? Si ndiye aliyejipiga kifua?

— Kwetu, — alisema. — Kuna chumba cha uani hapo nyumba ya tatu, kinapangishwa. Na jirani yangu wa geti la kijivu ni mtu mwema. Huyo atafungua.

— Anaitwa nani, kaka?

Haruna akajipapasa mfukoni. Akatoa simu, akampigia mkewe, na kwa kujiamini kwake akaweka sauti ya nje.

— Nafisa, yule jirani yetu wa geti la kijivu jina lake nani?

— Jirani yupi? — sauti ya Nafisa ilijaa benchi zima. — Kwani pale wanakaa watu? Mimi nilidhani ni stoo.

Haruna alikata simu, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka. Miaka yote hiyo alikuwa anajisifia ukuta.

Lembris hakumzomea. Alijisogeza pembeni, akatoa simu yake ndogo ya kitochi, akaongea na Piyaya kwa Kimaa, polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Halafu simu ikacheka. Kicheko cha mwanamke, kirefu, kikapasua vumbi la asubuhi, kisha maneno mengi ya haraka, na Lembris anaitikia tu, ee, ee, ee. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekunjuka.

— Nareyu anasema chumba kimoja hakitoshi tena. Nitafute vitatu, mlango kwa mlango.

— Vitatu! Vya nani? — Inosenti alishangaa.

— Kesho anakuja na mama yangu, na mke wa kaka yangu, na bibi anayetuzalishia pale bomani.

Haruna alikuwa ameshasimama, funguo za duka mkononi, akitaka sana kuwa na manufaa hata kidogo.

— Sawa, mdogo wangu, vitatu tutapata. Mtaa gani sasa?

— Wowote ule, kaka, — alisema Lembris. — Majirani tunakuja nao.